Waliouawa Dhaka mwaka 1952: walikufia lugha au walikufia ajira?

#1 Kabwela
Wakuu, salaam. Kila ifikapo tarehe 21 Februari mitandao hujaa salamu za Siku ya Kimataifa ya Lugha Mama, na karibu kila picha inayosambazwa huonyesha mnara uleule: nguzo nyeupe tano, ile ndefu ya katikati ikiwa imeinamisha kichwa, na nyuma yake duara kubwa jekundu. Huo ni Shaheed Minar, yaani Mnara wa Mashahidi, uliopo Dhaka, Bangladesh, na umejengwa kuwakumbuka watu waliopigwa risasi na polisi mwezi Februari 1952, wakati nchi hiyo ingali sehemu ya mashariki ya Pakistan na wananchi wake wakidai Kibengali kiwe lugha ya dola pamoja na Kiurdu.

Dai langu ni kwamba hakuna mtu anayekufia lugha. Sarufi na mashairi havimpeleki kijana mbele ya bunduki. Wanafunzi wale walifahamu fika kwamba Kiurdu kikishakuwa lugha pekee ya serikali, mitihani ya kuingia katika utumishi wa umma itawatupa nje, nao watabaki watumwa katika nchi ambayo wao ndio wengi. Walikufia ajira na madaraka, na lugha ilikuwa bendera tu iliyobebwa mbele ya maandamano. Nipingeni kwa hoja, si kwa kejeli.

#2 Bint Shariff
Mkuu Kabwela, umeanza hadithi katikati. Mgogoro huu haukuzuka mwaka 1952. Mara tu baada ya Pakistan kuzaliwa mwaka 1947, stempu, fedha na fomu za posta zilianza kutoka zikiwa na Kiingereza na Kiurdu, ilhali Kibengali, ambacho kilizungumzwa na zaidi ya nusu ya wananchi wote wa Pakistan, hakikuonekana popote. Mkulima aliyetaka kumtumia mwanawe fedha kwa posta alikabidhiwa karatasi asiyoweza kuisoma katika nchi aliyoambiwa ni yake, na mkulima huyo hakuwa akitafuta ukarani.

Februari 1948, Dhirendranath Datta, mwanasheria wa Comilla, alisimama katika Bunge la Katiba akaomba Kibengali kiruhusiwe kutumika bungeni sambamba na Kiingereza na Kiurdu. Hakuomba Kiurdu kiondolewe. Alikataliwa. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 21 Machi 1948, Jinnah, mwasisi wa Pakistan, akiwa Dhaka alitangaza mbele ya umati kwenye uwanja wa mbio za farasi kwamba lugha ya dola itakuwa Kiurdu na si nyingine yoyote, kisha siku tatu baadaye akayarudia maneno hayo ukumbini Curzon Hall mbele ya wanafunzi wa chuo kikuu, ambao walimpinga hapohapo.

#3 Mzee Sogora
Bint Shariff umenena, ila umeruka utamu wenyewe. Jinnah alipowaambia Wabengali kwamba lugha ya dola ni Kiurdu, hotuba yenyewe aliitoa kwa Kiingereza. Tena nyumbani kwao hawakuwa watu wa Kiurdu hata kidogo. Alitoka katika familia ya Khoja wenye asili ya Kathiawar, wasemaji wa Kigujarati, jamaa za hawa wenye maduka tuliokua nao Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Yaani Mgujarati alisimama mbele ya Wabengali akawahimiza Kiurdu kwa Kiingereza. Sisi tunaodhani tumevuruga sera ya lugha tuna wenzetu.

#4 Wakili Msomi
Naomba tuwataje waliokufa kabla ya kuwasemea sababu za kufa kwao. Majina yanayokubalika rasmi ni matano: Abul Barkat, Rafiquddin Ahmed, Abdul Jabbar, Abdus Salam na Shafiur Rahman. Watu huwaita "wanafunzi watano wa Dhaka", na si sahihi. Barkat ndiye aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dhaka, naye alizaliwa Murshidabad, upande ambao leo ni India. Rafiquddin alikuwa kijana wa Manikganj ambaye familia yake ilikuwa na biashara ya uchapaji. Jabbar alikuwa mtu wa Gafargaon, Mymensingh, aliyekuja mjini kumleta mama mkwe wake hospitalini. Salam alikuwa mfanyakazi wa ofisi ya serikali. Alijeruhiwa tarehe 21 akafariki Aprili. Shafiur alikuwa mtumishi wa Mahakama Kuu, naye hakuwapo kabisa siku ya tarehe 21, kwani alipigwa risasi kesho yake katika barabara ya Nawabpur akiwa juu ya baiskeli, akielekea kazini.

Siku yenyewe ilianza hivi. Serikali ilikuwa imetoa amri ya kuzuia mikusanyiko chini ya kifungu cha 144 cha sheria ya mwenendo wa jinai. Asubuhi wanafunzi walikutana chini ya mwembe uliokuwa katika viwanja vya chuo, wakabishana, wakaamua kuivunja amri hiyo kwa kutoka katika vikundi vya watu kumikumi. Polisi walitumia mabomu ya machozi na kukamata watu. Alasiri Bunge la jimbo lilikuwa likikutana hatua chache kutoka hapo, na wanafunzi walitaka kuwafikia wabunge, na hapo ndipo risasi zilipofyatuliwa karibu na mabweni ya Chuo cha Tiba. Nikiyatazama haya kama mwanasheria, naona vifo vilivyotokana na polisi walioshindwa kutuliza umati na serikali iliyojifungia njia. Uchunguzi aliokabidhiwa Jaji Ellis uliishia kusema polisi walikuwa na haki ya kufyatua risasi, na hilo ndilo lililowakera watu kuliko hata amri yenyewe.

#5 Kabwela
Mkuu Wakili umenisaidia bila kukusudia. Mmoja alikuwa anauguza mama mkwe, mwingine alikuwa anawahi kazini kwa baiskeli. Sasa nani kati yao alikufia Kibengali? Mtu akipigwa risasi akiwa njiani kwenda ofisini, kisha taifa likamwandika kuwa shahidi wa lugha, basi ushahidi huo amevishwa na waliobaki hai.

#6 Bint Shariff
Jabbar hakuwa kitandani wala chumba cha daktari alipopigwa risasi. Alitoka akajiunga na waandamanaji. Na nikukumbushe jambo ambalo orodha ya Wakili inalionyesha wazi: wawili kati ya watano hao walikuwa tayari na kazi za serikali. Nadharia yako ya ajira inawaeleza vipi watu wenye ajira?

#7 Kabwela
Inawaeleza vizuri sana. Mwenye kazi ndiye mwenye hofu ya kuipoteza. Karani aliyeajiriwa kwa Kibengali na Kiingereza akisikia kwamba kesho majalada yatakuwa ya Kiurdu, usingizi unamtoka kabla ya mwanafunzi ambaye hajaajiriwa.

#8 Mpemba wa Muscat
Asalaam alaykum wote. Mimi nipo Muscat kwa miaka mingi na kazini kwangu Wabengali ni wengi kuliko sisi. Fundi wetu wa viyoyozi ni mtu wa Noakhali, shule aliiacha darasa la tano, na maishani mwake hajakaa chumba cha mtihani wa utumishi wa umma wala hatakaa. Ukutani juu ya kitanda chake amebandika ukurasa wa kalenda wenye picha ya mnara huo, mwaka umekwisha na kalenda imekwisha, ukurasa haubanduki.

Nilimuuliza siku moja kwa nini anaipenda picha hiyo ilhali hajawahi kufika hapo. Akanieleza kwamba shule ya kijijini kwao haikuwa na mnara wa saruji, kwa hiyo kila mwaka usiku wa kuamkia tarehe 21 watoto walikata magogo ya migomba, wakayasimamisha uwanjani, wakayavika karatasi nyeupe kwa gundi ya unga wa ngano na kukata duara la karatasi nyekundu la kuweka nyuma. Alfajiri waliamka kuiba maua katika bustani za majirani, na jirani aliyewakuta siku hiyo hakuwafukuza. Anaposimulia utadhani anasimulia sikukuu ya Idi. Sasa Kabwela, niambie, yule mtoto wa magogo ya migomba alikuwa anatetea cheo gani?

#9 Mwanafunzi wa Gazipur
Naungana na Mpemba. Mimi nilisoma Gazipur, kaskazini kidogo ya Dhaka, na wenzangu wa Kibengali walinipeleka mnarani. Kuanzia jioni ya tarehe 20, wanafunzi wa sanaa hupaka barabara zote za jirani michoro myeupe na ya rangi, maua na mizunguko inayoingiliana, wakiwa wamechutama na ndoo ya rangi pembeni huku magari yamezuiwa. Usiku wa manane wakubwa wa nchi huweka mashada yao ya kwanza, kisha njia hufunguliwa kwa wananchi. Kila mtu huvua viatu mbali kabla ya kufika. Wengine huvitia kwenye mfuko wa plastiki, wengine huvishika mkononi upande mmoja na ua upande wa pili, na Februari lami ya alfajiri huwa ya baridi kiasi kwamba mtu wa Tanga kama mimi nilitembea kwa vidole. Wanawake huvaa sari nyeupe zenye pindo jeusi. Umati huenda polepole huku ukiimba wimbo mmoja wa maombolezo unaojulikana na kila mtu, kuanzia mtoto hadi kikongwe.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba mwezi mzima huo ni wa vitabu. Yapo maonyesho makubwa ya vitabu yanayoandaliwa na Bangla Academy, taasisi ya lugha ya Kibengali, na tangu mwaka 2014 yamepanuliwa hadi bustani ya Suhrawardy, ambayo ndiyo uliokuwa uwanja wa mbio za farasi aliohutubia Jinnah mwaka 1948.

#10 Fundi Uashi
Ninyi mnabishana juu ya waliokufa. Mimi niruhusuni nieleze jengo, kwa maana nadhani jibu limo humo. Mnara unaouona leo si wa kwanza. Wa kwanza ulijengwa usiku wa tarehe 23 Februari 1952 na wanafunzi wa Chuo cha Tiba, wakati amri ya kutotoka nje ingali inatumika. Matofali yalikuwapo kwa sababu palikuwa na ujenzi unaendelea hapo hospitalini, na saruji ilitoka katika ghala la mkandarasi aliyeitwa Piaru Sardar. Wanafunzi walipanga mistari wakapokezana matofali mkono kwa mkono, na kulipokucha kilikuwapo kiguzo cha kimo cha futi kumi hivi. Fundi mwenzangu anayejua kazi ya usiku, saruji mbichi na askari wanaozunguka, ataelewa kwamba ile haikuwa kazi ya mzaha. Baba yake Shafiur alikizindua tarehe 24. Tarehe 26 polisi walikibomoa hadi msingi.

Kisha ikawa hivi: Kibengali kikatambuliwa kuwa lugha ya dola katika Katiba ya mwaka 1956, ujenzi wa mnara mkubwa ukaanza mwaka 1957 kwa usanifu wa Hamidur Rahman, utawala wa kijeshi wa mwaka 1958 ukausimamisha, ukazinduliwa ukiwa umepunguzwa tarehe 21 Februari 1963 na mama yake Abul Barkat. Machi 1971 jeshi la Pakistan likaulipua, na juu ya kifusi likaweka kibao kinachosema hapo ni msikiti. Baada ya uhuru ukajengwa upya, na mwaka 1983 eneo lake likapanuliwa.

Hoja yangu ni hii: kama serikali ingekiacha kile kiguzo cha kwanza cha matofali, kingepasuka kwa mvua za masika mawili na kusahauliwa. Serikali ndiyo iliyokifanya kuwa kitu kitakatifu kwa kukibomoa. Kabwela anasema waliobaki hai ndio waliowavisha wafu ushahidi. Mimi nasema waliobomoa walishiriki katika kuwavisha.

#11 Mama Zuhura
Fundi, ahsante kwa maelezo, lakini na wewe umefanya kama walivyofanya wenzako kwa miaka mingi. Usanifu ule haukuwa wa Hamidur Rahman peke yake. Alifanya kazi hiyo pamoja na Novera Ahmed, mwanamke mchongaji, mmoja wa wachongaji wa mwanzo kabisa wa kisasa katika nchi ile. Jina lake liliachwa nje ya kumbukumbu rasmi kwa muda mrefu, mwenyewe akahamia Ufaransa, akafia huko mwaka 2015. Nguzo ya katikati inasemekana ni mama na zile nne za pembeni ni wanawe. Ajabu ni kwamba mama wa jiwe alipewa nafasi ya katikati, na mwanamke aliyeshiriki kumbuni akasahauliwa.

#12 Fundi Uashi
Mama Zuhura, nilikuwa naongelea saruji, umeniletea kesi ya ndoa. Ila ongeza na hili: mchoro wao wa awali ulikuwa na vioo vya rangi ya njano na samawati iliyokoza vyenye umbo la macho, vya kutiwa kati ya nguzo ili jua likipita liangushe rangi sakafuni, na kuta za chini zilikusudiwa michoro mikubwa. Vioo havikutiwa hata leo. Tunachokisifu ni mifupa ya mnara.

#13 Ustadh Kombo
Ndugu zangu, nauliza kwa heshima. Watu wengi wa nchi ile ni Waislamu. Kuweka mashada ya maua mbele ya jengo, kuvua viatu, kuinamisha vichwa: wanazuoni wao wanasemaje? Nisingependa tulipambe jambo bila kuligusa hilo.

#14 Mwanafunzi wa Gazipur
Ustadh, swali lako linaulizwa hukohuko Bangladesh kila mwaka. Wapo wanazuoni wanaopinga waziwazi na kusema marehemu anahitaji dua na sadaka, si maua. Rafiki yangu mmoja pale chuoni alikuwa haweki ua; alikwenda makaburi ya Azimpur, walikozikwa mashahidi hao, akasoma Fatiha na kurudi. Hakuna aliyemwita msaliti. Isipokuwa kumbuka kwamba kibao cha "msikiti" cha mwaka 1971 kimewafanya Wabengali wengi wawe wagumu wa kusikiliza hoja ya dini ikielekezwa kwenye mnara ule, hata inapotolewa kwa nia njema.

#15 Mtanga Joburg
Wakuu, mimi nipo Johannesburg, na uzi huu umenifanya niwaze minara miwili ya huku. Paarl, karibu na Cape Town, kuna mnara mkubwa wa kuienzi lugha ya Kiafrikana, uliozinduliwa Oktoba 1975, kazi ya msanifu Jan van Wijk. Pale haikumwagika damu. Walisherehekea miaka mia tangu kundi la watu wa Paarl lilipoanzisha jumuiya ya kuiandika lugha hiyo. Miezi minane baadaye, tarehe 16 Juni 1976, watoto wa Soweto waliandamana kukataa kufundishwa nusu ya masomo kwa lugha ileile iliyojengewa mnara, polisi wakawafyatulia risasi, na leo Orlando West kuna mnara na makumbusho kwa jina la Hector Pieterson, mmoja wa watoto waliouawa siku hiyo.

Tazameni tofauti na Dhaka. Watoto wa Soweto walikuwa wakiikataa lugha, hawakuwa wakidai Kizulu au Kisotho kiwe cha shule. Wengi walitaka Kiingereza. Na serikali ya baada ya ubaguzi iliipa tarehe hiyo jina la Siku ya Vijana, haikuipa jina la lugha. Kwa hiyo kwa Soweto nakubaliana na Kabwela: lugha ilikuwa mlango, nyumba ilikuwa ubaguzi wote. Kwa Dhaka nasita.

#16 Mwalimu wa Bungoma
Salaam kutoka Kenya. Bangladesh haiko peke yake, na wanaoijua Dhaka husahau Silchar. Tarehe 19 Mei 1961, katika jimbo la Assam nchini India, polisi waliwaua watu 11 kwenye kituo cha treni cha Silchar walipokuwa wakipinga sheria ya kukifanya Kiassam kuwa lugha rasmi pekee ya jimbo. Hao nao walikuwa Wabengali, na miongoni mwao alikuwamo msichana, Kamala Bhattacharya, aliyekuwa ametoka tu kufanya mtihani wa kumaliza shule. Kibengali kikapewa hadhi rasmi katika bonde lile la Barak. Hapakuwa na Jinnah wala Pakistan, na walioua hawakuwa jeshi la kigeni. Mara mbili, katika nchi mbili tofauti, kwa lugha moja: jambo hili linahitaji maelezo zaidi ya ajira.

Sisi wengine tulifundishwa kwa njia nyingine. Katika shule niliyosoma, aliyesikika akizungumza lugha ya mama alivikwa shingoni kipande cha mbao tulichokiita monto, akakaa nacho hadi amnase mwenzake. Mwisho wa siku wote waliokivaa walicharazwa. Hatukuandamana, na hatukuwaza kwamba inawezekana kuandamana. Tulichojifunza ni kupeleleza wenzetu.

#17 Mzee Sogora
Mwalimu wa Bungoma, monto ndiyo iliyokufanya uandike Kiswahili kilichonyooka hivi, au ulikuwa mpelelezi hodari?

#18 Mnyonge Msemakweli
Mnasifu sana, acheni niwe mchungu kidogo. Dola iliyozaliwa kwa damu ya lugha iliwafanyia nini wasemaji wa lugha nyingine? Katiba ya mwaka 1972 ilipokuwa ikijadiliwa, Manabendra Narayan Larma, mbunge wa Milima ya Chittagong, alikataa kuitwa Mbengali kwa sababu yeye alikuwa Mchakma. Hakusikilizwa, na miaka mingi ya vita ikafuata katika milima ile. Vitabu vya watoto wa awali kwa Kichakma, Kimarma na lugha nyingine chache vilianza kugawiwa mwaka 2017 tu. Na wasemaji wa Kiurdu waliobaki baada ya vita vya 1971 walirundikwa kambini, kama ile ya Geneva iliyopo Mohammadpur mjini Dhaka, hadi Mahakama Kuu ilipowatambua kuwa raia mwaka 2008. Watoto wa kambi ile wanaishi mwendo mfupi wa riksho kutoka mnarani. Wao siku ya tarehe 21 Februari wanaombolezea lugha gani?

#19 Bint Shariff
Hilo ni kweli na ni aibu, ila halijibu swali la uzi. Kwamba aliyeonewa jana anaonea leo hakuthibitishi kwamba jana hakuonewa.

#20 Mnyonge Msemakweli
Linajibu. Kama wangekuwa wamekufia kanuni kwamba kila mtu ana haki ya lugha yake, Mchakma angeipata haki hiyo mwaka 1972. Walikufia taifa lao, na taifa ni suala la nani ana mamlaka. Sipo upande wa Kabwela wa ajira. Nipo upande wa siasa.

#21 Wakili Msomi
Anayesema siasa ana ushahidi mzuri zaidi ya huo. Uchaguzi wa jimbo wa mwaka 1954 ulikuwa hukumu. Vyama vya upinzani viliungana vikaandika ilani yenye hoja 21, idadi iliyochaguliwa makusudi, na miongoni mwa hoja hizo zilikuwamo kujenga mnara wa mashahidi na kuigeuza Burdwan House, makazi ya waziri kiongozi Nurul Amin ambaye risasi zilifyatuliwa chini ya serikali yake, kuwa taasisi ya lugha ya Kibengali. Muslim League, chama kilichoiunda Pakistan, kikabaki na viti vya kuhesabu kwa vidole, na Nurul Amin mwenyewe akaangushwa jimboni kwake na kiongozi wa wanafunzi. Bangla Academy ikafunguliwa katika nyumba hiyo Desemba 1955, na ndiyo hii inayoandaa maonyesho ya vitabu aliyoyataja Mwanafunzi.

Kabwela naye asijione ameshinda. Kuna sheria ya mwaka 1987 inayolazimisha Kibengali katika shughuli zote za serikali, lakini hukumu nyingi za mahakama za juu ziliendelea kuandikwa kwa Kiingereza, na wenye uwezo wanapeleka watoto shule za Kiingereza. Tusiwacheke, kwa sababu hapa Tanzania Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama kwa sheria ya mwaka 2021, na bado wateja wangu huniomba niwasomee nyaraka zao wenyewe.

#22 Mzee Sogora
Kichekesho kingine wanachokisema Wabengali wenyewe: siku hiyo katika kalenda yao ilikuwa tarehe 8 Falgun 1358, lakini shujaa wa lugha mama huadhimishwa kwa tarehe ya Kizungu. Sisi angalau Siku ya Kiswahili, 7 Julai, UNESCO walitupa mwaka 2021 bila mtu kuchubuka hata kidole. Ile ya Lugha Mama waliitangaza Novemba 1999, na pendekezo lilianzia kwa Wabengali wawili waliokuwa wakiishi Vancouver, Kanada.

#23 Mswahili wa Whitechapel
Nami niongeze la London. Hapa Whitechapel kuna bustani ya Altab Ali, iliyopewa jina la kijana wa Kibengali, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo, aliyeuawa na wabaguzi wa rangi Mei 1978. Ndani yake umejengwa mnara mdogo wa mfano wa ule wa Dhaka tangu mwaka 1999. Kwa hiyo hapa mashahidi wa lugha na shahidi wa ubaguzi wanapewa maua mahali pamoja, na nimewaona vijana waliozaliwa hapa, ambao Kibengali chao ni cha kusukuma kwa Kiingereza, wakija usiku wa manane na bibi zao. Sababu ya watu wa 1952 huenda ilikuwa moja. Mnara umeendelea kupokea sababu za kila anayekuja.

#24 Mwanafunzi wa Gazipur
Hata Dhaka ni hivyo. Tarehe 3 Agosti 2024, wanafunzi walipotaka kutangaza dai lao moja tu, kwamba Waziri Mkuu Sheikh Hasina aondoke madarakani, walikusanyika pale mnarani. Siku mbili baadaye akaondoka nchini. Hapakuwa na suala la lugha hata kidogo.

#25 Kabwela
Naam. Pale mnarani watu hudai madaraka, na hilo ndilo nililosema tangu mwanzo.

#26 Bint Shariff
Mkuu, umelikwepa swali la Datta tangu bandiko langu la kwanza. Alikuwa mwanasheria mwenye kazi yake na mjumbe wa Bunge la Katiba. Alijua Kiingereza vya kutosha. Kiurdu kingepita au kisingepita, yeye asingekosa chakula. Alisimama mwaka 1948 kuomba Kibengali, na Machi 1971 jeshi likamchukua nyumbani kwake pamoja na mwanawe, wakauawa, mzee wa zaidi ya miaka themanini. Huyo alikuwa anatafuta ajira gani?

#27 Kabwela
Kura, dada yangu. Mwanasiasa hutafuta kura.

#28 Wakili Msomi
Wajumbe wa Bunge lile la Katiba hawakupigiwa kura na wananchi. Walichaguliwa na mabunge ya majimbo, na Datta alikuwa katika chama cha upinzani kilichokuwa na wajumbe wachache.